Jeni Si Kiwanja



Leo nianzie kwenye jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia, ama kwa kuugua wenyewe ama kwa kuuguza. Mtu anakohoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usiku jasho linamloanisha, mchana nguvu hana, nguo zinaanza kumpwaya. Ndugu wanamhimiza aende hospitali. Anafika, anapewa kikopo, anatoa makohozi. Mtaalamu wa maabara anayachanganya na dawa, anayatia kwenye katriji ya plastiki inayoenea kiganjani, anaipachika katriji ndani ya mashine ya GeneXpert. Hazipiti saa mbili, majibu yametoka: kifua kikuu kipo au hakipo, na kama kipo, vimelea vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini au la.

Mashine hiyo haiangalii umbo la kimelea kama hadubini inavyofanya. Inasoma jeni yake. Kila kimelea cha kifua kikuu kina jeni iitwayo rpoB, na herufi za jeni hiyo zikibadilika mahali fulani, rifampisini haifui dafu tena. Mashine inazitafuta herufi hizo, inazisoma, inatoa jibu.

Sasa nikuulize, msikilizaji: herufi hizo ni mali ya nani? Mtu anaweza kusimama mahakamani akasema, mimi ndiye niliyeziona kwanza, kwa hiyo kila anayezisoma anilipe? Na kama anaweza kusema hivyo kuhusu jeni ya kimelea, je, anaweza kusema hivyo kuhusu jeni iliyomo mwilini mwako, uliyoirithi kwa mama yako, naye akairithi kwa bibi yako?

Nchini Marekani, kwa takriban miaka 30, jibu lilikuwa ndiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Science ulikuta kwamba jeni moja katika kila jeni tano za binadamu ilikuwa imetajwa ndani ya madai ya hataza za Marekani.

Hataza, kwa wasioifahamu, ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasitumie uvumbuzi wake kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20. Ni mapatano ya haki. Mvumbuzi anaitoa hadharani siri ya alichokibuni, jamii inamlindia soko lake kwa muda, na muda ukiisha kitu kinakuwa cha wote. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Aliyekesha akibuni dawa au mashine anastahili kivuli chake, na mimi silipingi hilo hata kidogo. Ninachouliza ni hiki: jeni ilibuniwa na nani?

Tuliangalie jambo hili kwa kisa kimoja ambacho kila mwanamke, na kila mwanamume mwenye mama, dada au binti, anapaswa kukijua.

Miaka ya 1970 mtaalamu wa jeni Mary-Claire King alianza kuchunguza familia ambazo saratani ya matiti ilikuwa ikizirudia kizazi hadi kizazi: bibi, mama, shangazi, binti. Wakati huo wanasayansi wengi hawakuamini kwamba jeni moja tu inaweza kubeba hatari kubwa kiasi hicho. Yeye hakukata tamaa. Mwaka 1990, akiwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitangaza kwamba jeni hiyo imo katika kromosomu ya 17. Ikaitwa BRCA1. Alikuwa ameonesha mtaa. Sasa ilibaki kuitafuta nyumba yenyewe, na mbio zikaanza kati ya makundi ya watafiti wa nchi mbalimbali.

Waliofika kwanza, mwaka 1994, walikuwa kundi la Mark Skolnick kule Utah, pamoja na kampuni aliyoshiriki kuianzisha mwaka 1991, Myriad Genetics ya Salt Lake City. Hawakufika kwa nguvu zao peke yao. Walisaidiwa na familia za Utah zilizotunza kumbukumbu za koo zao vizazi kwa vizazi, zikakubali kutoa damu. Watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walishiriki pia, kwa fedha za walipa kodi. Mwaka uliofuata kundi la Michael Stratton nchini Uingereza likatangaza kuipata jeni ya pili, BRCA2, iliyo katika kromosomu ya 13, na Myriad nayo ikawahi ofisi ya hataza kuidai.

Kazi ya jeni hizi mbili ni kusaidia kukarabati DNA inapoharibika ndani ya seli. Mtu akirithi jeni yenye hitilafu, ukarabati unalega na saratani inapata mwanya. Kati ya wanawake 100 wa Marekani kwa jumla, takriban 13 hupata saratani ya matiti katika maisha yao. Kati ya wanawake 100 waliorithi hitilafu katika BRCA1 au BRCA2, watakaoipata ni zaidi ya 60. Hatari ya saratani ya ovari nayo hupanda sana. Anayejijua mapema ana la kufanya: kupimwa mara kwa mara, kutumia dawa, au kufanyiwa upasuaji wa kujikinga. Kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kuamua kama mama atawaona wajukuu wake.

Kuanzia mwaka 1996 Myriad iliuza kipimo hicho, na hataza zake zilifunga kila mlango. Kampuni ilidai umiliki wa jeni yenyewe ikishatengwa na mwili. Ikadai hata kipande cha jeni hiyo chenye herufi 15 tu mfululizo. Ikadai pia njia ya kulinganisha jeni ya mgonjwa na jeni nzima ili kuona tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1990, maabara ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliyokuwa ikiwapima wanawake ilipokea barua ya kuitaka iache, na ikaacha. Mashine ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, damu ya mgonjwa ilikuwepo, lakini kuisoma jeni yake kulikuwa kosa kisheria.

Bei ikapanda hadi zaidi ya dola 3,000 za Marekani. Mwanamke aliyeambiwa kwamba ana hitilafu, akataka maabara nyingine ithibitishe kabla hajaondolewa ovari, hakuwa na pa kwenda. Na kipimo chenyewe kilikuwa na upungufu. Mwaka 2006 watafiti, King akiwa miongoni mwao, walichapisha matokeo ya kupima upya familia 300 zenye saratani nyingi ambazo zilikuwa zimeambiwa hazina hitilafu. Asilimia 12 walikutwa wana vipande vikubwa vya BRCA1 au BRCA2 vilivyopotea au kujirudia, vitu ambavyo kipimo cha kawaida hakikuviona. Penye maabara nyingi, moja husahihisha kosa la nyingine. Penye maabara moja, kosa lake hukaa kwa mgonjwa.

Tarehe 12 Mei 2009, chama cha wataalamu wa patholojia ya molekuli, pamoja na madaktari, watafiti na wanawake waliokuwa wakiugua au waliokuwa katika hatari ya kuugua, walifungua kesi mjini New York. Waliwakilishwa na shirika la kutetea haki za raia, ACLU. Machi 2010 Jaji Robert Sweet alizitangaza hataza hizo kuwa batili. Mahakama ya rufaa ikaipindua sehemu kubwa ya maamuzi yake. Katika usikilizaji wa rufaa hiyo, wakili wa serikali ya Marekani, Neal Katyal, alikuwa ameleta mfano ambao mimi nimeupenda sana. Alisema tuwaze hadubini ya ajabu inayoweza kuona kila kilichomo mwilini. Ukichungulia kwayo ndani ya mwili wa binadamu ukakiona kile kitu kinachodaiwa, basi kitu hicho ni cha maumbile, hakina hataza. Usipokiona humo, kwa sababu mtu amekitengeneza maabara, hapo tunaweza kuzungumza.

Mpenzi msikilizaji, huhitaji kusomea sheria kulielewa hilo. BRCA1 tutaiona mwilini. Ilikuwepo kabla ya Salt Lake City kujengwa.

Alhamisi tarehe 13 Juni 2013, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana. Katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas, walisema kipande cha DNA kinachopatikana katika maumbile hakistahili hataza kwa sababu tu kimetengwa na kilichokizunguka. Myriad ilikuwa imegundua jeni muhimu, lakini haikuumba chochote. Majaji hawakufunga mlango wote: DNA inayotengenezwa maabara kwa kuondoa sehemu zisizobeba maelekezo, ambayo haipatikani hivyo katika maumbile, waliiruhusu ipewe hataza. Mwaka 1980 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekubali hataza ya bakteria aliyetengenezwa na Ananda Chakrabarty kwa ajili ya kula mafuta yaliyomwagika, kwa sababu bakteria wa namna ile hakuwepo kabla yake. Chanda chema huvikwa pete. Lakini huvikwa pete. Hakipewi mkono wa mwenzake.

Matokeo hayakungoja. Siku ile ile maabara kadhaa zilitangaza kwamba zitaanza kupima BRCA, na moja ya Houston ikataja bei ya dola 995. Kumbuka kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hukumu, mwigizaji Angelina Jolie alikuwa ameieleza dunia kwamba amepimwa, amekutwa na hitilafu katika BRCA1, na ameondolewa matiti ili kujikinga na saratani ya matiti; mama yake alikuwa amefariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 56. Yeye mwenyewe aliandika kwamba bei ya kipimo ilikuwa kikwazo kwa wanawake wengi. Oktoba 2015 Mahakama Kuu ya Australia nayo ikaikatalia Myriad katika kesi iliyofunguliwa na Yvonne D'Arcy, mwanamke wa Queensland aliyekuwa ameugua saratani ya matiti.

Sasa nirudi maabara ya wilaya, kwenye kile kikopo cha makohozi, maana hapa ndipo kisa cha Utah kinapokutana na chetu.

Kampuni kubwa ya Roche ilikuwa na hataza ya Marekani juu ya njia ya kutambua kifua kikuu kwa kusoma sehemu ya jeni ile ile ya rpoB. Ikaishtaki Cepheid, kampuni inayotengeneza GeneXpert. Oktoba 2018 mahakama ya rufaa ilimaliza shauri: madai ya Roche hayakustahili hataza. Majaji walisimama juu ya maamuzi yaliyotokana na kesi za BRCA, kwamba herufi za jeni ni za maumbile, na vipande vifupi vinavyonakili herufi hizo ili kuzitafuta ni vya maumbile vilevile. Umeona, msikilizaji? Kanuni iliyopiganiwa na wanawake wenye saratani ya matiti mjini New York ndiyo iliyosema kwamba jeni ya kimelea cha kifua kikuu haina mwenyewe.

Ningependa kuishia hapo, lakini sitakuwa nimekutendea haki. Jeni imeachwa huru; katriji haijaachwa. Katriji ya GeneXpert inaingia katika mashine ya GeneXpert tu, na mtengenezaji ni mmoja. Mwaka 2012 wafadhili walilipia mapatano ya kushusha bei kwa nchi zinazoendelea kutoka dola 16.86 hadi 9.98. Bei ikakaa hapo zaidi ya miaka 10, hadi Septemba 2023 iliposhuka kufikia dola 7.97 baada ya kampeni kali ya wagonjwa na ya Madaktari Wasio na Mipaka, ambao hesabu zao zinaonesha kwamba katriji inaweza kuuzwa kwa dola 5 na faida ikabaki. Dola mbili au tatu kwa mtu mmoja zinaweza kuonekana kidogo. Zizidishe kwa mamilioni ya vipimo, kisha gawanya kwa bajeti ya wizara ya afya.

Kufuli jingine halionekani hata kwa macho. Maabara inapopima jeni za maelfu ya watu hukutana na mabadiliko ambayo maana yake haijulikani: ni ya hatari, au ni tofauti ya kawaida tu kama tofauti ya sura? Jibu hupatikana kwa kulinganisha watu wengi. Katikati ya miaka ya 2000 Myriad iliacha kupeleka matokeo yake katika hifadhi ya umma, ikayaweka ndani kama siri ya biashara. Hataza huisha baada ya miaka 20. Siri haina mwisho. Na wanaoumia zaidi ni watu wenye asili ya Afrika, kwa sababu jeni zetu zina tofauti nyingi zaidi na zimechunguzwa kidogo zaidi. Mwanamke wa asili ya Afrika anapopimwa BRCA huambiwa mara nyingi kuliko mwanamke wa asili ya Ulaya kwamba badiliko limeonekana lakini maana yake haifahamiki. Arudi nyumbani na jibu hilo afanye nalo nini?

Kwa hiyo napongeza hifadhi za wazi kama ClinVar, iliyoanza mwaka 2013, ambako maabara za dunia hupeleka zilichokiona ili wote wanufaike. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Wapo watakaoniambia: bila faida, nani atatafuta jeni? Ni hoja nzito, na jibu lake limo katika historia. Jeni ya ugonjwa wa kurithi wa mapafu uitwao sistiki fibrosisi ilipatikana mwaka 1989 na watafiti wa Toronto na Michigan. Walichukua hataza, lakini wakatoa leseni kwa kila maabara iliyotaka, na kipimo kikaenea. Kwa upande mwingine kuna ugonjwa wa Canavan, unaoharibu ubongo wa watoto wachanga. Wazazi ndio waliomwendea mtafiti, wakatoa damu, fedha, hata viungo vya watoto wao waliofariki. Jeni ikapatikana mwaka 1993. Mwaka 1997 hospitali moja ya watoto ya Miami ikapewa hataza, ikaanza kutoza ada kwa kila kipimo na kuweka mipaka ya idadi ya vipimo. Wazazi wale wale walilazimika kwenda mahakamani. Ugunduzi ulikuwepo katika visa vyote viwili. Chanzo cha tofauti kilikuwa moyo wa aliyeushika ufunguo, na mimi nasema afya ya watu haifai kutegemea moyo wa mtu mmoja. Itegemee sheria.

Sheria zetu zinasemaje? Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu unaziruhusu nchi kukataa hataza za njia za kuchunguza magonjwa. Sheria ya hataza ya Tanzania ya mwaka 1987, na ile ya mali ya viwanda ya Kenya ya mwaka 2001, zinazikataa hataza za namna hiyo. Lakini zote mbili zinaacha wazi hataza za bidhaa zinazotumika katika uchunguzi, na humo ndimo katriji inamopita. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama nchi zenye maendeleo duni zaidi, zimepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuutekeleza mkataba huo kwa ukamilifu. Muda huo haukutolewa ili tulale. Umetolewa ili tujenge maabara zetu, tufundishe vijana wetu, na tuandike kwa maneno yasiyo na utata kwamba jeni, ikiwa mwilini au imetengwa, haipewi hataza.

Tusidhani kwamba kesi imekwisha. Mwaka 2023 maseneta Thom Tillis na Chris Coons walipeleka katika Bunge la Marekani muswada wa kubadili kanuni za kitu gani kinastahili hataza, na wanaopinga wanaonya kwamba mlango wa jeni zilizotengwa ungefunguliwa tena.

Nimalizie kwa neno kwako wewe, msikilizaji. Watafiti wanakuja kwetu, na waje, maana bila utafiti hatutaponywa. Siku utakapoombwa damu au mate kwa ajili ya utafiti wa jeni, utaletewa fomu ya idhini. Usiitie sahihi kwa haya au kwa haraka. Muulize aliyekuletea: sampuli yangu inapelekwa wapi, matokeo yake yatawekwa katika hifadhi ya wazi au kabatini mwa kampuni, na kikitengenezwa kipimo kutokana na damu yangu, je, kitarudi katika hospitali ya wilaya yangu kwa bei ambayo jirani yangu anaimudu? Akijibu vizuri, mpe mkono wako. Akishindwa kujibu, mwambie arudi atakapokuwa na jibu.